Daftari la Mchango: Historia ya Neno Moja na Mji wa Kindu

Katika mji wa Kindu, kama ilivyo desturi ya miji mingi ya mashariki ya Kongo, mtu afapo, kabla kaburi halijachimbwa na kabla jamaa walio mbali hawajapata habari, huwekwa meza ndogo kando ya mlango wa nyumba yenye kilio, na juu ya meza hiyo huwekwa daftari la shule, kalamu na sahani, na nyuma yake huketi mtu mmoja ambaye si lazima awe tajiri wala mwenye cheo, ila ni lazima awe mtu asiyeshukiwa na yeyote. Waingiao hutoa pole, kisha hutoa kitu, naye huandika jina na kiasi. Na kama kilicholetwa si franga, basi huandika ni nini, mchele au sombe, kuni au mafuta ya mawese. Siku ya kuondoa matanga daftari hilo husomwa kwa sauti mbele ya waliotoa na waliopewa: kilichoingia, kilichotumika kwa sanda na jeneza na chakula, na kilichosalia. Msomaji humaliza, hufunga daftari, na dhima iliyokuwa mabegani mwake tangu siku ya msiba huondoka.

Mtu huyo wa mezani ndiye mchangishaji, na historia hii ni yake, ingawa jina lake halimo katika vitabu vya tarikhi. Waingereza wana neno moja walitumialo kwa mtu akusanyaye fedha kwa ajili ya jambo na kwa karamu ambamo fedha hizo hukusanywa, hata asikiaye, asipoelezwa zaidi, hajui kama anaalikwa kwenye shughuli au anajulishwa kwa mtu. Kiswahili hakikuridhika na uchache huo. Mzizi wetu ni changa, nao umezaa ukoo mzima: achangaye hutoa fungu lake, achangiaye hutoa kwa ajili ya jambo au mtu aliyetajwa, achangishaye huwafanya wengine watoe, kitolewacho ni mchango, na shughuli yenyewe huitwa changizo, au harambee kwa ulimi wa Kenya. Hata kuchanganya, yaani kuvitia vitu mbalimbali mahali pamoja mpaka visitengeke, sauti yake na maana yake zaliweka neno hilo karibu na ukoo huo, kwa kuwa fedha ikishaingia sahanini haijulikani tena ipi ilitoka kwa fundi wa baiskeli na ipi ilitoka kwa mke wa mkubwa.

Lakini kitenzi hicho kina uso wa pili, na msomaji naomba aushike, maana ndio utakaotuongoza. Wazee walisema pia kuchanga askari, yaani kukusanya watu kwa ajili ya vita, jambo ambalo mtawala hakuwabembeleza raia zake. Neno lile lile, basi, lilibeba riziki ya wafiwa na jeshi la sultani. Lilikuwa na hiari ndani yake na lilikuwa na shuruti. Kinachotenga moja na nyingine hakimo katika herufi za neno. Kimo katika daftari: nani aliandikwa, nani alisomewa, na nani alitoa pasipo kuandikwa wala kusomewa. Tukimwuliza kila mchangishaji aliyepita katika nchi ya Maniema swali hilo moja, twaweza kuisimulia historia ya Kindu tangu kabla haijawa mji.

Kiswahili chenyewe kilifika Maniema kwa mkopo. Katika miaka ya 1860 wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliufikia mto Lualaba wakaweka makao Nyangwe, na baadaye Kasongo, mahali palipo juu ya mto kutoka Kindu ya leo. Na maneno waliyoyaleta, ambayo wenyeji waliyapokea na kuyageuza hata yakawa lugha iliyoitwa Kingwana, yalisafiri katika misafara ileile iliyobeba merikani, shanga, bunduki na baruti. Bidhaa hizo aghalabu hazikuwa mali ya waliozibeba, wala ya waliowaongoza wabebaji. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kwa lakabu ya Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili na masimulizi yake yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, haoni haya kueleza jinsi alivyokopa kwa matajiri wa Unguja kabla ya kushika njia, na jinsi Mhindi Taria Topan, aliyepata pia kuwa mkuu wa forodha ya Sultani, alivyomwamini kwa mali nyingi wakati wengine walisita.

Huo ulikuwa uchangishaji mkubwa kuliko wowote uliowahi kuigusa Lualaba hata wakati ule. Tajiri alitoa bidhaa kwa bei iliyokwisha kuongezwa faida yake. Mwenye safari aliahidi kulipa kwa pembe za ndovu baada ya mwaka, au miwili, au zaidi. Na mali ya watu wengi ikawekwa mkononi mwa mmoja kwa jambo ambalo hakuna aliyeliweza peke yake. Tena hesabu ilitolewa, frasila kwa frasila, kwa uaminifu ambao ndio uliomfanya Tippu Tip akopeshwe tena na tena. Ila hesabu hiyo ilitolewa Unguja. Wale waliotoa zaidi ya wote, waliotoa pembe bila bei, na mabega, na watoto wao waliokwenda wasirudi, na vijiji vilivyochomwa moto, hawakuwa na mstari hata mmoja katika daftari la Taria Topan. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa misafara waliwafyatulia risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza samaki na muhogo Nyangwe, wakauawa watu mia kadhaa kwa risasi na kwa maji ya mto. Daktari David Livingstone alikuwapo akaona kwa macho yake, akaandika.

Maandishi hayo yalivuka bahari, na huko yakawa sababu ya mchango mwingine. Mnamo Septemba 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita wataalamu wa jiografia na wasafiri Brussels, akaunda jumuiya ya kimataifa ambayo ingepeleka vituo vya elimu na huruma Afrika ya kati, na kamati za mataifa mbalimbali zikatakiwa zichange fedha kwa kazi hiyo. Miaka kumi na miwili baadaye Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alitoka kanisa hadi kanisa na ukumbi hadi ukumbi, Paris, London na Brussels, katika mwaka wa 1888, akiwaeleza Wazungu mateso ya watumwa na kuwataka watoe fedha na vijana wa kupigana. Na Ubelgiji ikaanzisha jumuiya yake ya kupinga utumwa mwaka uleule. Mnamo Novemba 1890 Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, makanisa yote ya Kikatoliki yakusanye sadaka kwa ajili ya misheni za Afrika. Hivyo, mkulima wa nchi za Ulaya ambaye hakupata kuuona mchikichi alitia sarafu katika mfuko wa kanisa kwa ajili ya watu wa Tanganyika na Lualaba, na twaamini kwamba wengi waliotoa walitoa kwa moyo safi, maana uovu waliouambiwa ulikuwa kweli.

Fedha za jumuiya hiyo ya Ubelgiji zilimpeleka Kapteni Jules Jacques hadi ziwa Tanganyika, naye mwishoni mwa 1891 akajenga boma akaliita Albertville, jina ambalo baadaye lilichukuliwa na mji unaoitwa leo Kalemie. Katika Maniema yenyewe kazi ilifanywa na majeshi ya Dola Huru la Kongo, dola la Leopold, yakiongozwa na Francis Dhanis na kusaidiwa na Gongo Lutete, aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip: Nyangwe ikaanguka Machi 1893, na Kasongo mwezi wa Aprili. Utawala wa misafara ukakoma. Lakini waliotia sarafu Brussels hawakusomewa daftari lote. Hawakuambiwa kwamba baada ya mtumwa kutolewa katika mnyororo wa mfanyabiashara angetiwa katika kodi ya mpira, na kwamba nchi iliyokombolewa kwa sadaka ingekuwa mali ya mfalme mmoja, aliyeitawala hata 1908 bila kuikanyaga hata siku moja.

Aliyelifungua daftari hilo alikuwa karani, na sidhani kwamba ni sadfa. Edmund Morel aliitumikia kampuni ya meli ya Liverpool iliyobeba bidhaa za Kongo, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa hesabu, aliona kwamba meli zilizokuja Antwerp zilijaa mpira na pembe, hali zile zilizorudi zilichukua bunduki na risasi na bidhaa chache mno za kulipia, akatambua kwamba nchi itoayo vingi na kupokea risasi haifanyi biashara. Mnamo Machi 1904 alianzisha jumuiya ya kudai mageuzi ya Kongo, na fedha za kuanzia, pauni 100, alipewa na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa ametoka kuandika taarifa yake juu ya maovu hayo. Jumuiya ile iliishi kwa michango hadi ilipovunjwa mwaka 1913: watu walikusanyika katika kumbi na makanisa ya Uingereza, wakaonyeshwa kwa taa picha ambazo mmisionari Alice Seeley Harris alizipiga Kongo, kisha sahani ikapitishwa. Msomaji aone jinsi njia zilivyofanana: Lavigerie alipitisha sahani ili utawala wa Ulaya uingie Kongo, na baada ya miaka 16 Morel akapitisha sahani ili matunda ya utawala huo yakomeshwe. Mahali pote pawili sahani ilipitishwa mbali na Lualaba, nao waliosemewa hawakuulizwa.

Wakati maneno hayo yalipokuwa yakisemwa Liverpool, Kindu ilikuwa ikizaliwa. Mto Lualaba, uliokuwa njia kuu ya nchi, una maporomoko yanayoikata njia hiyo vipandevipande, na aliyetaka kuufuata kwa meli hakuwa na budi kushuka mara kwa mara na kupakia mizigo vichwani mwa watu. Mnamo Januari 1902 tajiri Mbelgiji Édouard Empain aliunda kampuni ya reli ya kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu, akauza hisa kwa watu wenye akiba, huku serikali ya Leopold ikiwadhaminia faida. Kipande cha kwanza, kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, kilifunguliwa 1906. Kipande cha pili, cha kilometa 355, kilitoka Kindu hadi Kongolo, kikawa tayari mwanzo wa 1911. Na reli ya kutoka Kabalo ikafika Albertville mwaka 1915, mahali jina la boma la sadaka lilipokuwa likingoja. Kindu ikawa gati na stesheni: meli ikafika, gari la moshi likaondoka. Hata ramani za siku zile ziliandika Kindu-Port-Empain, jina la mchangishaji likapigiliwa misumari pembeni mwa jina la wenyeji, hali majina ya waliochimba tuta na kubeba mataruma hayakuandikwa hata penye kibao cha stesheni.

Mwenye hisa Brussels alipata taarifa ya mwaka, yenye jumla na salio. Mtu wa Maniema alipata kodi ya kichwa. Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, wanajeshi wa Kongo walipokwenda kuitwaa Tabora, iliyoanguka Septemba 1916, watu wa mashariki walichangwa, kwa ile maana ya kale ya kuchanga askari, ili wabebe mizigo ya vita isiyokuwa yao. Na katika vita vya pili, Wabelgiji waliponyang'anywa nchi yao na Wajerumani, siku za kazi ya lazima mashambani na msituni ziliongezwa mwaka 1942 kutoka 60 hata 120 kwa mwaka, mpira wa porini ukatafutwa upya, na bati la migodi ya Kalima likashuka kwa wingi hadi gati la Kindu. Waliotawala waliita jambo hilo juhudi ya vita. Katika Kiswahili chetu hakuna neno la kutoa kitu ambacho hukukitaka, kwa ajili ya mtu ambaye hukumjua, bila ya kusomewa hesabu, isipokuwa kutozwa.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuandika historia ya kutozwa peke yake, kana kwamba watu wa Kindu hawakuwa na daftari lao wenyewe. Walikuwa nalo, na liliandikwa kwanza na dini. Serikali ya Leopold ilipatana na Baba Mtakatifu mnamo Mei 1906, misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi, na baadaye shule zao zikapewa ruzuku. Waprotestanti walingoja ruzuku hiyo hata baada ya vita vya pili. Waislamu wa Maniema, waliobaki na imani yao baada ya misafara kutoweka, hawakuingizwa katika hesabu hiyo, tena vyuo vyao vya Kurani vilitazamwa kwa jicho la shaka. Paa la msikiti, basi, posho ya mwalimu, na mafuta ya taa ya kusomea usiku vilitoka mifukoni mwa waumini. Sheria yao ilikuwa imekwisha kumpa mchangishaji mahali pake: kati ya mafungu manane ya wastahilio zaka, Kurani inawataja watumishi wanaoikusanya, kwa maana kwamba kazi hiyo ni kazi, na mwenye kuifanya asije akalazimika kujilipa kwa siri. Kwa upande wa pili wa mji, Wakatoliki, ambao Kindu yao ilifanywa vikarieti mwaka 1956 na jimbo kamili mwaka 1959, nao walijifunza kutoa matoleo ya Jumapili na mavuno, na kusikia baada ya misa ni kiasi gani kimepatikana. Mji ambao haukupata kusomewa hesabu na serikali ukazoea kusomewa na imamu na padri.

Nje ya nyumba za ibada, wanawake wa sokoni na makarani wa reli waliliendesha daftari la namna nyingine. Pwani huitwa upatu, na Kongo huitwa likelemba: watu kumi, tuseme, hukubaliana kila mmoja atoe kiasi kilekile kila juma, na jumla nzima hupewa mmoja kwa zamu, hata wote kumi wazungukiwe. Hakuna sanduku la kuibwa, maana fedha haikai; huingia asubuhi na kutoka jioni. Wataalamu wa benki waliucheka utaratibu huu, lakini siku za Rais Mobutu, nchi ilipoitwa Zaire, zilionyesha nani mwenye hekima. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena, na watu waliokuwa mbali na benki, waliozificha chini ya kitanda, wakaamka maskini. Mnamo Oktoba 1993 zaire mpya ilitolewa, moja ikinunuliwa kwa zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1998 franga ya Kongo ikatolewa, moja kwa zaire mpya 100,000. Aliyeweka akiba noti aliweka majani makavu. Aliyekuwa katika likelemba alikuwa amekwisha nunua bati la paa, au baiskeli, au gunia la chumvi la kuuza.

Ndugu zetu wa mashariki, tangu kabla ya siku hizo, walimfanya mchangishaji kuwa nguzo ya taifa. Wanachama wa TANU walichanga shilingi zao ili Julius Nyerere apate nauli ya kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955 kuisemea Tanganyika, na safari ile yaweza kuhesabiwa mchango uliorudisha faida kubwa kuliko hisa zote za Empain. Jomo Kenyatta alilitwaa neno harambee, wito wa watu wavutao au wanyanyuao kitu kizito kwa pamoja, akalifanya mwito wa nchi mwaka 1963, na shule nyingi za Kenya, na zahanati, na visima, vikasimama kwa nguvu zake. Baadaye mkubwa alikuja harambee na bahasha nono kuliko mshahara wake, akapigiwa makofi, na hakuna aliyeuliza bahasha ilijazwa wapi. Maskini akadaiwa mchango na chifu kama anayedaiwa kodi. Hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ikawazuia wakubwa wasichangishe. Kwetu Zaire, kazi ya pamoja ilitangazwa kwa jina la salongo, nayo tangu siku ya kwanza ilikuwa amri. Neno jema, likishikwa na mwenye nguvu asiyesoma daftari, hurudi kwenye ile maana ya kuchanga askari.

Kindu iliupata ukweli huo katika shule zake. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali ya Zaire ilipoacha kuwalipa walimu mshahara wa kumfikisha mtu mwisho wa mwezi, nao walimu wakagoma, maaskofu na wakubwa wa shule walipatana na wazazi kwamba wazazi wenyewe wachange ili madarasa yasifungwe. Kitu hicho kiliitwa primu, nacho kilipoanza kilikuwa mchango halisi, tena wa heshima: mzazi alimjua mwalimu, mwalimu alimjua mtoto, na kikao cha wazazi kikapanga kiasi. Lakini mchango uliokusudiwa kuwa wa dharura ulikaa miaka 27. Kidogokidogo fedha ya mzazi ilianza kupanda ngazi: fungu likabaki kwa mwalimu, fungu likaenda kwa mkuu wa shule, fungu ofisi ya mtaa, fungu ofisi ya mkoa, hata muuza sombe wa Kindu akawa anailisha serikali ambayo wajibu wake ulikuwa kumfundishia mtoto. Mtoto ambaye mzazi wake hakulipa alirudishwa nyumbani, na hapo mchango ukawa kodi iliyovaa kanzu ya mchango. Katiba ya 2006 ilikuwa imeahidi elimu ya msingi bila malipo. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa nchi nzima Septemba 2019, madarasa yakafurika watoto, na walimu wengi wakaendelea kungoja majina yao yaingie katika daftari la mishahara.

Kati ya miaka hiyo kulikuwa na vita. Waasi waliitwaa Kindu Oktoba 1998, gari la moshi likanyamaza, na mji ulioanzishwa ili uwe njia ukakosa njia. Chumvi, sabuni, sukari na dawa vilikuja kwa ndege kwa bei isiyosemeka, au kwa baiskeli, zikisukumwa na vijana kwa miguu mamia ya kilometa katika njia za msitu zilizokuwa zamani njia za misafara. Kijana hakuipanda baiskeli, aliisukuma, maana kiti na fremu vilibeba mzigo. Gari la moshi lilirudi mwaka 2004. Msomaji atajiuliza waliishije watu wa mitaa ya Kasuku na Mikelenge, na wa Alunguli ng'ambo ya mto, ambako huvukwa kwa mtumbwi, katika miaka ile ambayo mshahara haukuwapo, benki haikuwapo, wala serikali haikuwapo isipokuwa kama bunduki. Waliishi kwa jambo lilelile dogo tulilolianza: mmoja alipougua, jirani alipita mlango hadi mlango na daftari, mmoja alipokufa, meza ilitolewa nje.

Mashirika makubwa ya ulimwengu yalikuja baada ya vita, nayo pia yaliishi kwa michango, iliyokusanywa katika miji ya Ulaya na Marekani kwa picha za watoto wa Kongo, kama ilivyofanywa siku za Lavigerie na siku za Morel. Yamefanya mema mengi, wala si insafu kuyakana. Visima vipo, chanjo zilichanjwa. Ila ripoti zao huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa na kupelekwa kwa waliotoa, hali yule ambaye fedha iliombwa kwa jina lake hajui iliombwa ngapi wala ilifika ngapi. Mchangishaji wa kilioni haruhusiwi kufanya hivyo. Akimaliza kuhesabu asiwasomee wafiwa, hatakaa tena kwenye meza ile, na mtaa utamkumbuka kwa jambo hilo hata baada ya kufa kwake.

Tena kuna habari moja ya daftari hilo ambayo mgeni hawezi kuijua kwa kuitazama meza. Likiisha kusomwa halitupwi. Wafiwa hulikunja katika kitambaa na kulitia sandukuni, pamoja na cheti cha ubatizo au hati ya ndoa, likakaa humo miaka. Siku sauti ya kilio isikiwapo katika nyumba nyingine ya mtaa, mama mwenye nyumba hulifungua, hushuka kwa kidole mstari kwa mstari mpaka alione jina la marehemu au la mumewe au la mamaye, husoma ni nini kilicholetwa mwaka ule, labda kilo tano za mchele, labda ndoo mbili za maji tu, kwa kuwa aliyeleta hakuwa na zaidi. Kisha hujitwisha mchele wake, huongeza kidogo juu ya alichopewa, na hutoka kwenda kuandikwa.